Zawadi Iliyomkimbiza Wifi Yangu Uwanjani

Wifi yangu aliacha mazoezi siku ya Jumatatu, na aliyemwachisha ni mimi. Sikumtukana, sikumcheka. Nilimpa zawadi. Ameniruhusu nikisimulie kisa hiki bila jina lake, na nakichambua kwa urefu kwa sababu kosa nililolifanya nimeliona likifanywa na wanawake wengine wenye nia njema: unamtakia mwenzako kheri, unamwacha na donda.

Kikundi chetu hukutana viwanja vya Maisara, mjini Unguja, siku tatu kwa wiki baada ya sala ya alfajiri. Wanaume wapo, lakini wanawake ndio wengi. Tunanyoosha viungo, tunaruka kwa hesabu ya mkufunzi, kisha tunakimbia taratibu kilomita tatu au nne, mwendo wa mtu anayeweza kuzungumza. Wifi yangu, mke wa kaka yangu, alijiunga miezi kadhaa baada ya kumwachisha ziwa mtoto wake wa pili. Alikuwa amepimwa presha, akaambiwa auzoeshe mwili kutoka jasho. Ni mwanamke mwenye mabega membamba na kifua kizito, na tangu awe msichana, kama alivyonieleza baadaye, hajawahi kukimbia kwa raha.

Wiki ya kwanza niliona mambo matatu. Alikuwa akikimbia huku amekunja mikono kifuani kama mtu anayesikia baridi, na Unguja haina baridi hiyo. Kila mkufunzi alipoita zoezi la kuruka, yeye alikwenda kutafuta maji. Na mwisho wa mazoezi alijikanda shingo na mabega wakati sisi wengine tukijikanda miguu. Nilichokuwa sikioni ni kwamba chini ya fulana yake pana alikuwa amevaa sidiria mbili, moja juu ya nyingine, na juu ya zote mbili amejifunga kanga kwa nguvu, kifuani hadi mgongoni.

Siku ya Ijumaa mama mmoja katika kikundi akasema kwa sauti iliyofika mstari wa nyuma, "Jamani, huyu mwenzetu mfungeni vizuri asije akajiumiza." Watu wakacheka. Wifi yangu naye akacheka. Nami nikamwona alivyoishusha mikono, kisha akaikunja tena.

Kesho yake nikaenda Darajani. Niliingia katika duka la nguo za mazoezi nikanunua sidiria ya kuvaa kwa kupitisha kichwani, nyeusi, nene, saizi XL, kwa shilingi 15,000. XL niliikisia kwa macho. Jumapili tukiwa nyumbani kwa mama, tumemaliza kula, nikampa mfuko mbele ya mama na mbele ya wifi yangu mwingine, nikasema, "Hiyo ya mazoezi, wifi. Utanishukuru." Akasema ahsante. Hakuufungua. Jumatatu hakuja, wala Jumatano, wala wiki mbili zilizofuata.

Nianze na nguo, kwa sababu hata kama ningeitoa kwa adabu zote, nguo yenyewe ilikuwa si yake.

Ndani ya titi hamna msuli. Mna tezi, mna mafuta, na mna nyuzi nyembamba zinazotoka ukuta wa kifua hadi ngozini, zinazoitwa kwa jina la Astley Cooper, daktari mpasuaji wa Uingereza aliyezieleza mwaka 1840. Nyuzi hizo pamoja na ngozi ndizo zinazolishika titi, basi. Pushapu hukaza msuli ulio nyuma yake, titi lenyewe halikazwi na zoezi lolote. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Portsmouth, Uingereza, wamepima kwa miaka mingi jinsi titi linavyokwenda mwanamke akikimbia, na wameonyesha kuwa halipandi na kushuka tu. Linakwenda pia kushoto na kulia, mbele na nyuma, na ukiziunganisha njia zote hizo unapata mchoro kama wa tarakimu ya nane. Walipowauliza wanawake wa London Marathon ya mwaka 2012, karibu theluthi yao walisema wanapata maumivu ya matiti. Hao ni watu waliojiandaa kukimbia kilomita 42. Kwa hiyo mikono ya wifi yangu haikukunjwa kwa soni peke yake. Alikuwa anaumwa, na alikuwa ameushika mzigo kwa kitu pekee kilichobaki.

Sidiria za mazoezi zinafanya kazi kwa njia mbili. Kuna za kubana, zinazoyalaza matiti yote mawili kifuani kama kitu kimoja, na kuna za kushika, zenye kikombe cha kila titi peke yake. Za kubana zinamfaa mwenye kifua kidogo, na ndizo zilizojaa madukani kwetu kwa sababu zinauzwa kwa S, M, L, XL na muuzaji hana haja ya kupima mtu. Kifua kizito kinataka za kushika, au zile zenye kazi zote mbili, na hizo huja na namba na herufi. XL haielezi kitu. Inamhesabu mwenye mbavu pana na kifua kidogo sawa na mwenye mbavu nyembamba na kifua kikubwa. Ile niliyomnunulia aliijaribu usiku, peke yake, mlango umefungwa. Mkanda wa chini ulining'inia, huku juu matiti yamekandamizwa hadi yakatokea kwapani. Na kuivua ilikuwa tabu kuliko kuivaa. Alikwama nayo mikono juu, na hakutaka kumwita mtu. Kila nikiifikiria picha hiyo inaniuma.

Zile sidiria mbili alizokuwa akivaa nazo zina maelezo yake. Sidiria ya kila siku imekatwa kwa mtu wa kukaa na kutembea. Kazi kubwa ya kubeba kifua ni ya mkanda wa chini, ule unaozunguka mbavu. Kamba za mabegani ni za kusaidia tu. Mkanda ukilegea, uzito wote unahamia mabegani, na ukivaa mbili zilizolegea unapata kamba nne zinazokata badala ya mbili. Ndiyo sababu alikuwa akijikanda shingo. Kanga juu yake ilishika kidogo, lakini ilimbana pumzi, na kwa joto letu ilimwachia harara na michubuko chini ya matiti ambayo hakumwambia mtu.

Hiyo ndiyo hesabu ya nguo. Hesabu ya maneno ni nzito zaidi, maana nguo mbaya inabadilishwa dukani.

Kwetu zawadi ya nguo haiko kimya. Mwanamke wa Unguja akipewa kanga, jambo la kwanza anasoma jina lake, kwa kuwa anajua kwamba mtu anaweza kununua kanga nzima kwa ajili ya maneno yaliyoandikwa chini. Sasa mimi ni wifi. Mawifi wana historia yao katika kila ukoo, na neno la wifi hupimwa mara mbili kabla halijaaminiwa. Nimempa mke wa kaka yangu nguo ya ndani mbele ya mama mkwe wake, siku mbili baada ya kuchekwa uwanjani, na badala ya kueleza nikasema "utanishukuru". Mfuko ule haukuwa na jina, kwa hiyo alilitafuta mwenyewe. Na jina alilolipata ni lile lile la Ijumaa: kifua chako ni kioja, hata ndugu wa mumeo wameona. Aliniambia kwamba alidhani tumekaa familia nzima tukamjadili. Asingefikiri vipi vingine?

Nimeyatafakari sana maneno ya yule mama wa Ijumaa, nikagundua kuwa hata baadhi ya maneno niliyokuwa nimeyaandaa moyoni yalikuwa na kasoro ile ile. Tazama sentensi hizi: "kifua chako kinacheza", "matiti yako yanahitaji kushikwa", "wewe ni mkubwa, huwezi kukimbia hivyo hivyo". Kila moja inauweka mwili mbele, na kosa linakuwa la mwili. Lakini ukisema "sidiria hii haishiki", "mkanda wake umelegea", "nguo hizi hazikushonwa kwa kukimbia", aliyekosa ni nguo, na nguo mtu anaivua. Jambo ni lile lile, ila msikilizaji anabaki mzima. Tangu siku hiyo nimejizuia kabisa kumtaja mtu pamoja na kifua chake katika sentensi moja.

Wiki ya tatu nikaenda kwake, asubuhi, kaka yuko kazini na mtoto mkubwa yuko chuoni. Sikwenda na mfuko. Nilianza na radhi, na nilitaja kosa langu kwa jina: nimekupa kitu cha siri mbele za watu, na sikukuuliza kama unakitaka. Sikuongeza "lakini nilikuwa na nia njema", ingawa neno hilo lilinifika ulimini. Akanyamaza kidogo, akaenda kuweka maji ya chai. Aliporudi nikamwuliza, "Wifi, nina jambo la kike, nikwambie au tulinyamazie?" Nilikuwa tayari kulinyamazia, na nadhani alilisikia hilo, maana swali la ruhusa linalokataa jibu la hapana si swali. Akasema, "Sema."

Nikaanza na mimi. Nilimweleza miaka miwili niliyokimbia na sidiria ya harusini, nzuri yenye waya, mpaka waya ukatoboa kitambaa na kunichoma ubavuni katikati ya mbio. Nikamwonyesha alama. Nikamsimulia pia asili ya sidiria ya mazoezi, kwa kuwa niliona inatuhusu. Mwaka 1977 huko Burlington, Vermont, Marekani, mkimbiaji mmoja, Lisa Lindahl, alikuwa akiongea na dada yake kwa simu. Dada huyo alikuwa ameanza kukimbia, akalalamika kwamba matiti yanamuuma, akauliza kwa nini wanamichezo wa kiume wana kinga yao, ile ya kushika sehemu za siri, na wanawake hawana. Lindahl akashirikiana na rafiki yake tangu utotoni, Polly Smith, mshonaji wa mavazi ya maigizo, na Hinda Miller. Smith akachukua kinga mbili za wanaume akaziunganisha kwa uzi, wakaijaribu kwa kukimbia. Hiyo ndiyo iliyokuja kuuzwa kwa jina la Jogbra. Wifi yangu alicheka kwa mara ya kwanza siku ile aliposikia zimetoka wapi. Kisha akasema, polepole, "Kwa hiyo nao ilianzia kwa dada na dada."

Ndipo akanieleza yote: sidiria mbili, kanga, harara, usiku wa kukwama. Mimi nilisikiliza tu.

Kupima tulipima kwa tepu ya fundi cherehani. Alinipima mimi kwanza, ili ajue inavyofanywa na ili asiwe peke yake wa kupimwa. Halafu akaingia ndani ya pazia na kujipima mwenyewe, nami nikiwa upande wa pili namwelekeza kwa sauti. Kipimo cha kwanza ni chini ya matiti, tepu ikizunguka mbavu sawasawa, imekaza bila kukata, pumzi ikitolewa. Akapata inchi 34. Cha pili ni pale kifua kilipojaa zaidi, tepu isibane. Akapata 39. Tofauti ni inchi 5. Kila inchi ya tofauti ni herufi moja ya kikombe: inchi 1 ni A, 2 ni B, 3 ni C, 4 ni D, na 5 ni DD. Tukaandika 34DD. Sidiria zake za kila siku zilikuwa 40B. Kwa miaka yote hiyo alikuwa akivaa mkanda wa mtu mwingine na vikombe vya mtu mwingine, kwa sababu dukani mwanamke mzito akiuliza hupewa namba kubwa, si herufi kubwa.

Namba ya karatasini, hata hivyo, ni pa kuanzia tu. Wako watengenezaji wanaoongeza inchi 4 au 5 kwenye kipimo cha mbavu kabla ya kukiita saizi, na wako wasioongeza, na lebo haisemi. Tulimwendea dada anayeuza nguo za mazoezi, anayeagiza mzigo wake Kariakoo na kuuvusha kwa boti. Ana chumba cha kujaribia chenye mlango, jambo ambalo kwangu lina thamani kuliko bei nafuu. 34DD ilimkaa vizuri kifuani lakini ilimbana mbavu hata hakuweza kuvuta pumzi hadi mwisho. Hapo kuna jambo ambalo wanawake wengi hawajaambiwa: ukipanda saizi moja ya mkanda, yaani inchi mbili, shuka herufi moja ya kikombe, na ujazo wa kikombe unabaki ule ule. Akajaribu 36D. Ilikaa.

Tulijuaje kuwa imekaa? Alinyanyua mikono juu, mkanda wa chini haukupanda. Mgongoni ulikuwa umelala sawa na wa mbele. Mtu ambaye mkanda wake unapanda mgongoni ana mkanda mkubwa, hata kama kamba amezikaza kiasi gani. Vidole viwili vilipita chini ya mkanda, si zaidi. Vikombe havikumwagika juu wala kando, na havikuwa na mikunjo. Alifunga vishikizo vya nje kabisa, kwa kuwa lastiki hulegea kwa kufuliwa na vile vya ndani ni akiba ya baadaye. Mwisho akaruka mara kumi humo chumbani. Nilikuwa nje nikimsikia miguu. Alipofungua mlango alikuwa anatabasamu na machozi yanamlenga, akasema tu, "Haiumi." Ilikuwa ya vishikizo vya mgongoni na kamba pana za kurekebishika, shilingi 35,000. Alisita kwa bei. Nikakaa kimya nisiilipie, kwa kuwa nilikuwa nimeshampa zawadi moja ikatosha. Alilipa mwenyewe.

Wapo watakaosema mitumba ni rahisi. Kwa nguo hii mimi sikubaliani nao. Tanzania Bara, Shirika la Viwango (TBS) limepiga marufuku nguo za ndani za mitumba kwa ajili ya afya, na hata ukiacha afya, lastiki iliyovaliwa na mwenzako miaka miwili imekwisha kazi yake. Unanunua kitambaa kitupu. Mwenye uwezo wa moja tu na anunue moja mpya, aifue kwa mkono kila akitoka uwanjani, maji ya baridi, sabuni kidogo, bila pasi wala dawa ya kulainisha nguo, na aianike kivulini. Na anayenyonyesha asijibane sana kifuani. Amnyonyeshe mtoto kabla ya kutoka, na apime upya akimaliza kunyonyesha, maana kipimo kinabadilika. Uvimbe, au maumivu ya titi moja yasiyokoma hata ukiwa umekaa, hayo si mambo ya sidiria. Ni ya hospitali.

Kulikuwa na mtu mmoja zaidi wa kuzungumza naye, mkufunzi wetu. Ni kijana mwenye heshima, na alikuwa ameona yote. Nilidhani atanikwepa. Badala yake akauliza, "Sasa mama, mimi niseme nini? Nikinyamaza naonekana sijali, nikisema naonekana nimetazama." Swali la haki. Nikamwambia asimseme mtu yeyote, aseme na wote, siku ambayo hakuna mgeni wa kudhani kuwa ni yeye: viatu vya kukimbilia, chupa ya maji, na kwa akina mama nguo za ndani za mazoezi, wenye swali wamwone fulani. Na katika kuruka, atoe njia mbili tangu mwanzo, kuruka au kupiga hatua mahali ulipo, bila ya mtu kuomba. Anafanya hivyo hadi leo. Wanawake wanne wamenijia tangu aanze, na hakuna hata mmoja niliyemfuata mimi.

Wifi yangu alirudi Maisara siku ya Jumatano. Kanga aliivaa kiunoni. Alikimbia mikono ikiwa inakwenda mbele na nyuma kama ya mtu yeyote, na zamu ya kuruka ilipofika alipiga hatua tu, mpaka wiki ya pili ndipo akaruka. Presha yake inapimwa kila mwezi, hilo ni la kwake na daktari wake.

Yule mama aliyetoa neno la Ijumaa bado yuko nasi. Wifi yangu humpa salamu, huitikiwa, na hapo ndipo yanapoishia. Nimefikiria kumweka chini yule mama na kumweleza, lakini wifi ameniomba nisifanye hivyo. Nimemtii.